Baridi ya Gongo la Mboto

Kabla chai haijachemka, Revelian alikuwa ameshatoka nje mara nne kwenda kulitazama tumba. Lilikuwa limekaa juu ya kikonyo chake, ncha imejisokota, wala halikuonyesha haraka yoyote. Mara ya kwanza alilitazama kwa macho matupu. Mara ya pili alivaa miwani. Mara ya tatu alichuchumaa akaligusa kwa ukucha, kisha akajikemea kwa sauti, maana mtu wa miaka sitini na miwili anapaswa kujua kwamba ua haliamshwi. Mara ya nne hakuwa na sababu yoyote ya kutoka. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi alfajiri mkewe, Bupe, angepanda basi la kwenda Tukuyu, na safari hii hakuwa anakwenda kutembea. Alikuwa anakwenda kukaa.

Ugomvi haukuwepo. Ingekuwa afadhali ungekuwepo, kwa kuwa ugomvi una pa kuushikia. Bupe alilitamka jambo lenyewe mwezi wa tano, akiwa anachambua mchele kibarazani. "Baba Hope, mie nitakwenda kukaa kwa mama. Nyumba ile haiwezi kubaki yenyewe." Mama yake alikuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Hope, binti yao wa pekee, alikuwa ameshaolewa Dodoma. Revelian aliitikia, "Sawa, tutazungumza," kisha akatoka kwenda kuangalia maua yake, na hawakuzungumza. Ndivyo alivyo bwana huyu. Jambo likimchoma moyoni, miguu ndiyo inayojibu.

Maua yenyewe ni airisi, zile zenye ndevu. Ua lake lina petali tatu zinazosimama na tatu zinazoinama, na katikati ya kila iliyoinama kuna mstari wa manyoya laini, ndizo ndevu zenyewe. Ni mmea wa nchi za baridi. Usipopata miezi ya baridi ya kweli hutoa majani tu, marefu na makali, mwaka baada ya mwaka. Revelian alikuwa nazo aina kumi na moja, kila moja kwenye ndoo ya rangi iliyokatwa nusu, zimepangwa ukutani upande wa jua. Ya Lushoto, ya Makete, mbili za Limuru, moja aliyoombewa kwa masista wa Njombe, na nyingine alizozipata kwa watu asiowajua sura, wapenda maua wenzake wa kwenye simu. Lakini zote kumi zilikuja kuisindikiza moja, ile ya mama mkwe.

Bupe aliileta miaka sita iliyopita kutoka kwao Isongole, kijiji cha upande wa Tukuyu, tunguu moja nono, shina la chini lenye vifundo kama tangawizi, limefungwa kwenye kipande cha khanga. Mama yake alikuwa amelichimba mbele ya mlango. Wakalipanda, likatoa majani, mwaka ukapita. Siku moja Bupe akianika nguo alilitupia jicho akasema, "Hata ua la mama limekataa kuchanua huku." Akaanika shuka, akaingia ndani, na bila shaka kufikia mchana alikuwa ameshasahau. Revelian hakusahau. Yeye ni fundi friji, ana karakana Chang'ombe mwaka wa thelathini huu. Nusu ya mabucha ya Temeke yanamtegemea nyama isioze. Mtu wa namna hiyo angeshindwaje kulipatia baridi ua moja?

Alishindwa, tena vibaya. Mwaka wa kwanza alilizika tunguu chini kabisa na kulimwagilia asubuhi na jioni, akidhani anafanya hisani, likaanza kuoza, akaokoa kipande tu. Akajifunza kwamba tunguu la airisi hulala juu ya udongo, mgongo wake ukiota jua. Jirani yake Mwajabu, mwenyeji wa Pwani aliyezaliwa mtaa ule ule, akipita kila mara aliuonea huruma mmea uliokaa uchi namna ile, akawa anaufunika udongo kwa mguu. Walibishana mwaka mzima. Hatimaye Revelian alileta nyumbani friji la zamani la kuuzia soda, akalifanyia ufundi wake mpaka likatulia kwenye nyuzi joto tano, akaliweka stoo. Kila masika alichimbua matunguu yote, akayafunga moja moja kwenye gazeti, akaandika majina kwa kalamu ya wino mzito, akayalaza humo wiki kumi. Mwezi wa sita aliyatoa na kuyapanda upya. Watu wa mtaa wakasema Mhaya amefuga maua kwenye friji.

Mwaka juzi Mwajabu alipata wageni, watu wa posa ya binti yake, wamekuja kabla ya wakati. Alikimbilia kwa jirani kuazima tangawizi. Bupe, aliyekuwa anaoga, alimwambia kwa kupitia mlango aangalie kwenye friji. Mwajabu akafungua friji lililokuwa karibu, lile la stoo. Akafungua gazeti moja, la pili, la nne, akaona tangawizi hazijawahi kuwa kubwa hivyo, akachagua nono kuliko zote, akaitwanga, akaitia kwenye birika. Wageni walishika midomo. Mjomba wa bwana harusi, mzee wa Kizaramo, alitapika uani. Posa ilipita, lakini mpaka leo wakwe wale wakimtembelea Mwajabu huomba maji. Revelian alipokuta magazeti wazi na matunguu yamelala ovyo kwenye trei, aliketi chini sakafuni. Kisha akayafunga upya kwa kukisia. Lile nono kuliko yote akaliandika "Mama", na siku ile ile akatia kufuli kwenye friji.

Sasa nono lile ndilo lililotoa kikonyo, la kwanza katika miaka sita.

"Baba Hope, hilo tumba utalitia kijicho," Mwajabu alimwambia asubuhi hiyo kutoka upande wake wa ukuta. "Njoo unywe chai bwana, nimeweka tangawizi ya dukani."

"Ahsante jirani. Kesho litafunguka."

"Na likishafunguka?"

Revelian alijifanya kuinama kung'oa jani kavu. Likishafunguka Bupe atabaki. Hilo ndilo alilokuwa analiamini, na hakuwa amemwambia mtu. Ua lilikataa Dar es Salaam, mkewe akaona ni sawa naye kuikataa. Ua likikubali, atakosa hoja. Mkataba huo aliuandika mwenyewe kichwani na kuusaini peke yake, kwa niaba ya pande zote mbili.

Siku nzima hakutulia. Alikwenda karakana, akafungua mashine ya mteja, akaifunga bila kuitengeneza, akarudi nyumbani saa saba. Alihamisha ndoo ipate jua zaidi, akairudisha. Ndani, Bupe alikuwa anapanga vitu kwenye mabegi mawili, taratibu, akikunja kila kitenge mara nne. Revelian alisimama mlangoni.

"Unahitaji msaada?"

"Hapana. Wewe una kazi yako."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja siku ya juma. Revelian alirudi uani, na hapo, akiwa ameinama juu ya ndoo, akakumbuka kitu ambacho tangu Aprili alikuwa akikikwepa kwa kutembea.

Walipomzika mama mkwe Isongole mvua ilikuwa inanyesha. Bupe alikaa kwenye mkeka na shangazi zake, macho yamevimba. Usiku wa mazishi Mwajabu alipiga simu kwamba Gongo la Mboto umeme unakatika na kurudi, na matunguu yalikuwa yamebakiza wiki tano za kukaa ndani ya friji. Asubuhi yake Revelian alimwinamia mkewe akamnong'oneza, "Mama Hope, narudi. Friji litazima, ua la mama litaoza." Bupe alimtazama kwa muda, akasema, "Nenda." Msiba ulikuwa haujaanuliwa. Wanaume wa ukoo ule waliona mkwe wao anaondoka na begi, wakampisha njia bila neno. Alikwenda kuliokoa ua la marehemu, akamwacha binti wa marehemu akilia na watu wengine. Wakati ule aliona ni mapenzi. Kwa mara ya kwanza, akiwa na udongo mikononi, aliona aibu.

Ijumaa asubuhi lilikuwa limefunguka.

Alilikuta wazi, limelowa umande, petali za juu zimesimama, za chini zimejimwaga, na ndevu za rangi ya machungwa zimenyooka katikati. Lilikuwa la njano, njano iliyokolea, yenye kahawia pembezoni. Revelian alilitazama kwa furaha. Hakuwahi kumwuliza mkewe ua lile lilikuwa la rangi gani. Miaka sita, na hilo hakuliuliza. Akaenda kumwita.

Bupe alitoka na kitenge kiunoni na mswaki mkononi. Alisimama mbele ya ndoo. Kisha akapiga magoti, akakaribisha uso, akanusa.

"Ni zuri," alisema.

"Ndilo?"

Bupe aligusa petali moja kwa kidole. "Umehangaika sana, Baba Hope. Ni zuri kweli."

"Mama Hope. Nakuuliza, ndilo?"

"La mama lilikuwa la buluu. Buluu hafifu, karibu na nyeupe. Asubuhi kukiwa na ukungu hulioni mpaka ufike mlangoni."

Revelian alitazama mstari wa ndoo, majina kumi na moja aliyoyaandika upya kwa mkono wake. Akahesabu. Njano yenye kahawia ni ya Limuru, aliyeileta alimwambia hivyo. Basi la mama liko kwenye ndoo gani? Akazihesabu tena, na safari hii alikumbuka kwamba ndoo ya kumi na moja alikuja kuijaza na tunguu jipya mwezi uliofuata ile posa, kwa kuwa moja lilikuwa limepungua. Hakuwa amewahi kujiuliza lililopungua ni lipi.

"Mwajabu," alisema taratibu.

"Mwajabu kafanyaje?"

"Ile chai."

Bupe alimtazama, hajaelewa. Halafu akaelewa. Mswaki ulimdondoka. "Mama kanywewa chai?" alisema, na kicheko kikampata kwa ghafla, kicheko cha kushika mbavu, akakaa chini kabisa kwenye saruji. "Mjomba wa watu akamtapika mama yangu uani! Na alivyokuwa hapendi Wazaramo!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Alilia kwa sauti, kilio ambacho Revelian hakuwahi kukisikia, kwa sababu kilitoka Isongole wakati yeye yuko ndani ya basi.

Miguu yake ilitaka kuondoka. Aliisikia kabisa, ikimwambia kuna ndoo ya kuhamisha, kuna friji la kufuta. Akaketi kwenye saruji kando ya mkewe.

"Nilikuacha kwenye mkeka," alisema.

"Uliniacha."

"Sikupaswa."

"Hukupaswa." Bupe alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Shangazi waliniuliza mume wako ana nini huko mjini. Nikawaambia ana mgonjwa. Ningewaambia nini? Ana ua?"

Upande wa pili wa ukuta Mwajabu alikuwa anafagia, na ufagio ulisimama mara kwa mara, kwa namna ya ufagio unaosikiliza.

"Maua ya mama bado yapo kule?" Revelian aliuliza baadaye.

"Yamejaa mpaka njia ya chooni. Hakuna anayeyamwagilia. Watoto wanayakanyaga wakienda kuteka maji."

"Na mie nikija huko, nitafanya kazi gani? Nani ana friji Isongole?"

"Maziwa tunayaweka dirishani." Bupe karibu acheke tena, lakini hakucheka. "Sikukwambia uje. Sikukwambia ubaki. Hujaniuliza."

Huenda basi lina nafasi bado, Bupe alisema alipoombwa namba ya ofisi ya tiketi. Revelian alipiga simu akiwa pale pale chini, simu ameiweka sauti ya nje, ili Bupe naye asikie. Dada wa tiketi alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka mapema.

"Shikamoo mzee. Kesho Tukuyu, ndiyo, ipo siti moja jirani na ya mama. Naandika jina gani?"

"Revelian."

"Kwenda tu, mzee, au kwenda na kurudi?"

Revelian alifungua mdomo. Maneno ya kurudi yalikuwa tayari kwenye ulimi, na karakana nyuma yake, na wateja wa Jumatatu. Akaufunga. Akamgeukia Bupe, aliyekuwa anatazama mikono yake mwenyewe mapajani.

"Mama Hope," alisema, "nakuuliza."

Bupe hakuinua uso. Ufagio wa Mwajabu ulikuwa umesimama moja kwa moja.

"Haloo?" dada wa tiketi alisema. "Mzee, bado upo?"

"Nipo," Revelian alisema. "Subiri kidogo, mwanangu. Anafikiri."