Maganda Aliyoyang'arisha Mama Ruguru

Msinione nazeeka hapa Kiirua mkadhani sikuwa na mambo yangu. Miaka ile ya tisini, kabla wajukuu hawa hawajazaliwa, alasiri zangu nilizimalizia kwenye maganda ya risasi. Naam, risasi. Mume wangu Mutugi alikuwa fundi wa kilabu cha kulenga shabaha kule kwenye mashamba ya ngano, na alikuwa na kibali cha kushindilia upya risasi za bastola. Risasi ikishapigwa, ganda lake la shaba hubaki, na likiwa zima laweza kujazwa tena. Likiwa bovu, mpigaji ndiye atakayekiona cha mtema kuni.

Tulikaa barazani, uteo wa maharagwe katikati yetu, maganda yakiwa ndani ya uteo. Mutugi alilishika kila ganda kwenye mwanga na kuligeuza polepole. Alitafuta ufa mdomoni, uvimbe tumboni, na kule chini, panapokaa fataki ya kuwasha baruti, alitazama kama pamelegea. Mimi kazi yangu ilikuwa masikio. Nilitia maganda machache viganjani nikayatikisa. Mwanamke yeyote wa huku aliyewahi kununua chungu sokoni anajua: kizima hulia kikaimba, chenye ufa hukohoa. Nikisikia kikohozi namwambia Mutugi limo humo, naye analitafuta mpaka analipata, halafu ananitazama kwa wivu. Niliupenda sana wivu ule. Yaliyokataliwa tuliyaponda kwa jiwe ili asije mtu akayaokota.

Alasiri zile nikizikumbuka moyo unauma, sifichi. Mutugi hakuwa mtu wa maneno, lakini mbele ya uteo ule ulimi wake ulifunguka. Hata tukigombana asubuhi, ikifika saa tisa tunakutana pale na ugomvi unajifia wenyewe.

Basi, mwaka wa tisini na sita kukawa na mashindano na watu wa Nanyuki. Miaka yote Mutugi alikuwa akitengeneza risasi wanazopiga wengine. Safari hii, kwa mara ya kwanza, aliitwa apige naye. Alitembea kwa madaha wiki nzima, mpaka nikamuuliza kama ameteuliwa kuwa chifu. Akamtumia mama yake salamu kule Kanja, upande wa Embu, aje amwone. Mama Ruguru akaja na kapu la ndizi, na chini ya ndizi akaficha chupa ya dawa wanayong'arishia vinara vya kanisa lao.

Siku ya kuamkia mashindano tulimwacha nyumbani tukaenda kuchimba viazi. Tuliporudi tukakuta maganda yote tuliyoyachagua yamepangwa dirishani, yanameta kama meno ya bibi harusi. Mama Ruguru alikuwa ameketi chini anacheka peke yake, vidole vyake vyenye baridi yabisi vimevimba kwa kusugua. Alisema aliona aibu mwanawe asimame mbele za watu na vyombo vyeusi vile. Mutugi alimshukuru sana. Nami nilifurahi, mpaka nilipoinua ganda moja nikalinusa. Lilinuka mkojo wa zamani wa zizini.

Gichovi, mzee aliyemfundisha Mutugi kazi, alikuwa ametuonya sote wawili. Dawa yenye harufu hiyo ni ya amonia, na amonia huila shaba kwa ndani. Macho hayaoni kitu. Ganda linakaa zuri mezani, kisha siku ya kupigwa linapasuka, na moto na vipande vinamrudia aliyeshika bastola.

Nilimvuta Mutugi nyuma ya nyumba, nikampa alinuse. Alinusa. Kisha akaniambia niyatikise. Nikayatikisa, na wallahi yaliimba yote, wala hakuna lililokohoa.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Mazima."

"Pua yangu haijakubali."

Akaanza kunieleza kwa sauti ya chini. Mengine hatukuwa nayo, na bastola za wenzake zilikuwa za namna nyingine, risasi zao zisingeingia kwenye yake. Lakini nilimjua mtu wangu, hayo hayakuwa ndiyo yanayomsumbua. Alichoogopa ni kirumi. Huku kwetu mtoto akiitupa kazi ya mikono ya mama yake, na mama akasononeka, sononeko hilo hugeuka laana, na hakuna padri wa kuiondoa. Mutugi alisoma, alibatizwa, lakini kirumi alikiogopa kuliko baruti. Alikuwa tayari kuyajaza maganda yale na kuyapiga mama akimtazama, na mkono wake wa kulia uende ukienda.

"Kiende mke wangu, siwezi kumwambia mama yangu kwamba ameniharibia," akasema.

Nikamjibu kuwa heshima si utumwa, na kama yeye hawezi, mimi ninaweza. Nilikuwa na hasira. Mkwe kumsahihisha mama wa mume wake ni jambo zito, najua, lakini mume kipofu na kiwete wa mkono ningemuuguza mimi.

Nilimkuta Mama Ruguru jikoni anamenya viazi. Nilipiga magoti nikamweleza yote, harufu, amonia, shaba kuliwa kwa ndani. Nilingoja anitukane. Aliuliza jambo moja tu.

"Yakipasuka, yanapasukia wapi?"

"Mkononi mwake, Mama. Na usoni."

Aliweka kisu chini. Akajiinua kwa kushika ukuta, akaenda dirishani, akayakusanya maganda yote kwenye kanga yake, akatoka nayo mpaka kwenye jiwe letu uani. Akaanza kuyaponda. Mutugi alikuja mbio akimsihi aache, yatafaa, yeye mwenyewe ameyasikia yakiimba. Mama aliendelea mpaka la mwisho likalala bapa. Ndipo akaushika mkono wa kulia wa mwanawe, akaugeuza kiganja juu, akakitemea mate ya baraka kama wazee wanavyofanya.

"Mkono huu niliuzaa mimi," akasema. "Hivi vyuma sikuvizaa."

Kesho yake mashindano yalipigwa, na Mutugi aliketi na mama yake upande wa watazamaji, wakila mahindi ya kuchoma. Nanyuki walishinda. Hakuwahi kuitwa tena kupiga, na nilijua kulimuuma.

Mama Ruguru alihamia kwetu mwaka wa tisini na tisa, vidole vikiwa vimegoma hata kushika kikombe. Nilitaka kumlisha mimi, akakataa katakata, akasema ana mtu wake. Kila asubuhi Mutugi alimpelekea uji, na kila kijiko kilipofika mdomoni, mama aliutazama kwanza ule mkono, pande zote mbili, ndipo akafungua kinywa.