Aliyeinuka

Kiberiti alipanda ngazi za ofisi ya chama cha raga kwa makalio, ngazi moja moja, mguu wa kulia kaunyoosha mbele kama mpini wa jembe. Goti lilikuwa limevimba tangu timu ya taifa iliporudi kutoka ng'ambo. Mama yake, aliyemsukuma kwa baiskeli mpaka mlangoni, alimwonya aingie akitembea, wasije wakamwona ombaomba. Mama hakuzijua ngazi zile.

Alifuata jambo moja tu: chama kimlipie upasuaji. Daktari alikwisha sema kano zimekatika, na akichelewa, mbio azisahau. Waliambiwa wote, siku ya kukabidhiwa jezi, kwamba anayeumia akiichezea timu hutibiwa na chama.

Katibu alimsogezea kiti na kummwagia sifa. Ukutani nyuma yake ilining'inia picha kubwa ya Kiberiti mwenyewe, mpira kwapani, wapinzani wawili nyuma yake wameshika hewa. Kisha katibu akamwonyesha mechi kwenye simu. Kiberiti akajiona anaangushwa, goti linapinda upande usio wake. Akajiona anamsukuma mganga wa timu, anamwambia refa yuko sawa, anasimama. Punde si punde akajiona anafunga.

"Sasa, mdogo wangu," katibu akasema kwa upole, "mtu aliyekatika goti anakimbia hivi?"

Kiberiti akaeleza kwamba kwao hakuna anayebaki chini. Ukibaki chini, wa akiba anaingia, na akishaingia hatoki. Ndivyo kocha alivyowalea. Akamgeukia kocha, aliyekuwa dirishani akimenya chungwa.

"Kocha, si wewe uliyenipigia kelele niinuke?"

Kocha hakuinua macho mpaka ganda lilipotoka lote bila kukatika.

"Uwanjani kelele ni nyingi, dada. Mimi nilikuwa nashangilia tu."

Basi katibu akaamua kwamba goti lilikatikia nyumbani, pengine kisimani, na chama hakitibu ndoo. Akacheka peke yake. Halafu akaomba jezi, maana kuna binti mpya mwenye umbo kama lake. Kiberiti akaitoa kwenye mfuko aliokuja nao; mama alikuwa ameifua na kuipiga pasi. Katibu akainusa, akaisifu sabuni.

Alishuka kwa makalio vilevile. Kocha alimpita katikati ya ngazi, jezi begani, akauruka ule mguu kwa ustadi.

Alipofika nje, timu ilikuwa mazoezini nyuma ya ofisi. Binti mpya alikwisha kuivaa ile jezi, mstari wa pasi bado umesimama mgongoni. Akapokea mpira, akakabwa, akaanguka na kukumbatia kifundo cha mguu.

"Inuka!" kocha akafoka.

Kiberiti akashika waya za uzio.

"Lala hapo hapo, mdogo wangu. Usiinuke mpaka wote wakuone."

Binti alimtazama. Kisha akawatazama wa akiba, waliokwisha anza kufunga kamba za viatu.

Akainuka.

Kocha akapiga makofi.