Panya wa Kisiwa Kidogo

Atuganile alikuwa amepanga Kiwalani, nyuma ya duka la nafaka, na kwa miaka miwili alihesabu mijusi visiwani kwa ajili ya shahada yake ya uzamili. Visiwa vilikuwa vitatu. Kikubwa kilikuwa na aina tisa za mijusi, cha kati sita, na kidogo, ambacho ungekizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, aina nne. Dokta Azzam, msimamizi wake, alipenda kusema kwamba wakazi wa kisiwa kidogo ni wachache na wameshazoeana. Mgeni mmoja anatosha kuwavuruga wote.

Machi mwaka juzi, wakiwa kwenye kile kidogo, Atuganile alifungua kiroba cha unga alichonunua dukani pale. Panya akachomoka, akamparaza mkono, akatokomea vichakani. Muhsin, mwenye boti, alikuwa upande wa pili akifunga kamba, hakuona. Atuganile alikikunja kiroba kile chenye tundu, akamwambia Muhsin kwamba unga ameusahau nyumbani. Wakala mkate wa Muhsin. Panya mmoja tu, alijiambia, atafanya nini huku?

Panya yule alikuwa na mimba. Mwaka ulipopita, mijusi weusi wa mawe, waliokuwa wakikimbia kila mahali, hawakuonekana tena. Dokta aliokota kinyesi cha panya, akauliza kimefikaje. Boti ya Muhsin ilikuwa ikilala Kurasini, jirani na yadi za makontena zilizojaa panya, kwa hiyo jibu likapatikana haraka. Akatafutwa mwenye boti mwingine. Atuganile alikuwepo uamuzi huo ulipopitishwa. Aliinamia daftari lake akajifanya anaandika.

Alipochora grafu ya idadi ya aina kwa ukubwa wa kisiwa, kisiwa kidogo kilishuka kutoka aina nne hadi tatu, na mstari ukakaa vizuri kuliko mwanzo. Dokta aliusifu.

Jumamosi moja asubuhi Atuganile alikwenda Kurasini, nyumbani kwa Muhsin. Mahfudha, mke wa Muhsin, alimkaribisha kwa kahawa na kumweleza, bila lawama, kwamba mumewe hana raha. Alikuwa ameng'oa mbao zote za sakafu ya boti akitafuta kiota cha panya, hakukipata, na bado aliamini kosa ni lake.

Muhsin alipoingia, Atuganile aliinuka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Atuganile hakukaa tena. "Ami, panya alikuwa wangu. Alitoka kwenye kiroba changu cha unga. Nilimwona, nikanyamaza."

Muhsin aliketi. "Siku ile tuliyokula mkate?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nakuonea huruma, nikijua una njaa." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Mwambie Dokta. Mie sina la kukwambia sasa hivi."

Jumatatu alimweleza Dokta Azzam, naye akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akakiondoa kisiwa kidogo kwenye grafu. Alisema udogo wa kisiwa uliwafanya mijusi wakose pa kukimbilia, lakini aliyewamaliza ni panya, na panya aliletwa na mtu. Jambo hilo liandikiwe sura yake katika tasnifu, kwa jina la aliyemleta. Mahafali ya Atuganile yakasogezwa mbele mwaka mmoja. Siku hiyohiyo Dokta alimpigia Muhsin simu kumwomba radhi.

Muhsin alikubali kurudi kwa sababu ya kisiwa, na alilisema hilo waziwazi. Tangu hapo yeye na Atuganile wanakwenda kutega mitego kila wiki, na ndani ya miezi mitano wamenasa panya arobaini na mmoja. Wiki tatu za mwisho mitego imekuwa mitupu. Mijusi weusi hawajaonekana. Muhsin huinama kwenye kila mwamba, akachungulia nyufa moja baada ya nyingine. Atuganile husimama nyuma yake na daftari, na hajawahi kuthubutu kumuuliza kama ameona kitu.