Mita Mia Tatu za Mheshimiwa

Sheria ile ilitungwa na watu ambao hawajawahi kushika futi kamba maishani mwao. Ungewauliza mita mia tatu ni umbali gani, nusu yao wangenyoosha mkono dirishani na kusema "mpaka pale", na nusu nyingine wangemtuma dereva akaangalie. Lakini walipiga makofi, wakaipitisha: atakayekutwa na dawa za kulevya, ziwe nyingi au chache, ndani ya mita mia tatu kutoka mpaka wa shule, afungwe miaka kumi na mitano isiyopungua hata siku moja. Nje ya hapo, kosa hilohilo lilikuwa mwaka mmoja au faini. Hakimu alikatazwa kufikiri. Kazi ya kufikiri niliachiwa mimi, mpima ardhi wa manispaa, na mimi sikuifanya.

Mwenye sheria alikuwa mbunge wetu, Mheshimiwa. Mwaka wa uchaguzi alikosa la kuwaambia watu, akazunguka mashuleni kupiga picha na watoto, akawapakata hata wasiotaka kupakatwa, akasema ataizungushia kila shule ukuta wa sheria. Ukuta wa matofali ulikuwa na gharama. Kwa kumbukumbu zangu alijenga mmoja tu, na huo nitausimulia.

Niliagizwa kuchora ramani. Nikachukua bikari, nikaizungushia kila shule duara. Nilipomaliza za msingi na sekondari, polisi wakaniletea orodha ya chekechea. Nilipomaliza chekechea wakaniletea shule ya ushonaji na shule ya udereva, maana sheria ilisema shule bila kusema ya nini. Nilipoinua kichwa, mji mzima ulikuwa ndani ya maduara. Nje yalibaki makaburi, jalala, na kile kilima wanakokaa wakubwa, ambako bustani ya nyumba moja inatosha shule tatu na kwa hiyo hakuna hata moja. Mtu wa kawaida akitaka kuvuta bangi bila kufungwa miaka kumi na mitano ilimbidi kwanza afe, au atajirike. Nikampelekea mkuu wa idara ramani hiyo nikidhani atashtuka. Alisema imependeza, hasa rangi.

Tangu hapo kazi ikawa ya mezani. Askari analeta fomu: namba ya kiwanja mtu alipokamatwa, jina la shule iliyo karibu, namba ya kesi. Jina la mshtakiwa halimo, ati nisije nikampendelea mtu. Mimi naweka rula juu ya ramani, naandika mita, nagonga mhuri. Zilikuja nne, tano kwa mwezi. Sikwenda uwanjani hata mara moja. Nilikuwa na kanuni niliyorithi kwa bwana aliyenifundisha kazi, kwamba mpaka ni jiwe, si ukuta. Ukuta hujengwa na yeyote mwenye saruji. Jiwe la mpaka lina namba, na namba iko kwenye ramani. Nilijivunia kanuni hiyo kama wengine wanavyojivunia ukoo.

Sasa kuna shule moja ya msingi mtaani kwetu. Kwenye ramani kiwanja chake kilishuka mpaka barabara ya chini, na huko chini ndiko ulikokuwa uwanja wa mpira na shamba la shule. Miaka mingi iliyopita Mheshimiwa aliutamani uwanja huo. Akajenga ukuta nyuma ya madarasa, akisema ni wa kuwalinda watoto, na upande wa pili wa ukuta akajenga ukumbi wa sherehe, wenye baa, vyumba vya kulala wageni na maegesho. Watoto wakabaki wanacheza kati ya jiko na vyoo. Kila mtu alijua. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyechoka, aliandika barua kila mwaka kuuliza uwanja wake utarudi lini, na kila mwaka ofisi yetu ilimjibu kwamba suala linashughulikiwa. Lakini jiwe la mpaka Mheshimiwa hakulihamisha, kwa kuwa kulihamisha kunahitaji tangazo la hadharani, na mwizi hapendi tangazo.

Ng'ambo ya barabara ile, mkabala na baa, ndipo shemeji yangu alipokuwa na benchi lake. Ni fundi viatu, mume wa mdogo wangu. Sisemi alikuwa malaika. Alikuwa anavuta, wote tulijua, hata mama yangu alijua na alikuwa akimwombea. Siku moja askari walitoka baani wameshiba, wakahitaji kuonekana wamefanya kazi, wakamkuta na misokoto mitatu kwenye kopo la misumari. Toka kwenye benchi lake mpaka ukuta wa shule ni mita mia tatu na kumi na sita. Toka kwenye benchi mpaka jiwe la mpaka, ambalo liko ukingoni mwa maegesho ya Mheshimiwa, ni mita ishirini na nne.

Niliandika ishirini na nne. Nilikuwa nakunywa chai.

Wiki tatu baadaye mdogo wangu alikuja ofisini na karatasi ya hukumu. Alitaka nimweleze tu hizo mita ishirini na nne ni za nini, maana yeye alikuwa akimpelekea mumewe chakula kila mchana na alijua shule iko mbali kiasi gani. Nikaona mhuri wangu. Nikaona sahihi yangu, na mkia wake ninaouvuta kwa madaha. Nikamwambia sheria ni sheria na jiwe ni jiwe. Habari ya ukuta sikumwambia. Kuitaja kungekuwa kutaja kiwanja cha Mheshimiwa, nami nilikuwa nimebakiza miaka sita kustaafu. Akashukuru, masikini, kwa kuwa nilimweleza vizuri. Alipotoka nilijiona mchafu, nikanawa mikono, nikaendelea na fomu nyingine.

Kwa miaka minne hakuna mkubwa aliyeiona sheria hiyo kuwa mbaya. Magereza yalijaa, wafungwa wakalala kwa zamu, mahakimu wakanung'unika, na Mheshimiwa akawa anasema huruma kwa mhalifu ni ukatili kwa mtoto. Halafu mpwa wake, kijana aliyerudi kutoka masomoni na gari la kuazima, akakamatwa na pakiti ya unga kwenye kituo cha kuoshea magari. Nyuma ya kituo, mita kama mia na hamsini, kulikuwa na chekechea. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwezi haukuisha, Mheshimiwa akasimama bungeni na sauti ya mtu aliyeota ndoto, akasema sheria za nchi lazima ziwe na utu.

Ikaundwa kamati, mwenyekiti yeye. Mswada ulikuwa mzuri, nasema kwa uchungu: umbali upunguzwe uwe mita mia moja, hakimu arudishiwe akili yake, na wote waliokwisha kufungwa wapimwe upya, atakayeonekana yuko nje ya mpaka apewe adhabu ya kawaida. Mambo ambayo mahakimu walikuwa wakiyaomba tangu mwanzo yaliwezekana kwa siku moja, ilimradi yalimfaa mpwa.

Nikatoa jalada la shemeji. Mita ishirini na nne. Hata kwa sheria mpya alikuwa ndani, na miaka kumi na moja mbele yake. Mdogo wangu alikuwa amesikia redioni habari ya marekebisho, akaanza kusafisha nyumba.

Kamati iliniita nieleze jinsi vipimo vinavyofanyika. Ukumbi wa mikutano ulikuwa na viti vya kuzunguka, maua ya plastiki na chupa za maji ambazo kila mjumbe alizifungua mbili mbili. Mjumbe mmoja aliniuliza kama mita za mvua na za kiangazi ni sawa. Mwingine alikuwa amelala, na yeye ndiye aliyekuwa na heri. Nikatandika ramani mezani. Nikawaambia mswada wao una tundu: unasema "mpaka wa shule", lakini hausemi mpaka ni nini. Nikawapa mfano wa fundi viatu mmoja. Kwa jiwe, mita ishirini na nne. Kwa ukuta, mia tatu na kumi na sita, yaani hata kwa sheria ya zamani hakustahili kufungwa miaka kumi na mitano.

Mheshimiwa akauliza, bila kuangalia ramani, kati ya jiwe na ukuta kuna nini.

Nimekuwa mwoga maisha yangu yote, na sijui siku hiyo woga ulikwenda wapi. Labda ulikuwa umechoka. "Kuna ukumbi wako, Mheshimiwa," nikasema. "Kama kiwanja ni chako, fundi hana hatia ya miaka kumi na mitano. Kama fundi ana hatia hiyo, kiwanja ni cha shule."

Wajumbe wakanywa maji. Aliyelala akaamka, akafungua chupa yake. Mheshimiwa akacheka kidogo, akaahirisha kikao kwa ajili ya chai, akanishika bega mpaka kwenye ujia, karibu na kabati la vizima moto. Pale hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa mtu wa biashara.

"Yule fundi ni shemeji yako," akasema. "Mji huu mdogo, mzee. Sikia. Tutaandika mpaka ni ukuta. Wewe utachora ramani mpya, jiwe liwe ukutani. Unapata shemeji yako, mimi napata usingizi. Tufunike kombe."

Nikamuuliza, na uwanja wa watoto? Akasema watoto hawajauona uwanja huo kwa miaka kumi na miwili, hawawezi kulilia wasichokijua.

Ningependa kusimulia kwamba nilikataa. Ningependa kusema hata kwamba nilikesha nikiwaza. Nilimdharau mtu yule kuanzia viatu mpaka miwani, nikamdharau hata nilipokuwa nikimwazima kalamu, na ramani niliichora. Tangazo la hadharani lilibandikwa nyuma ya mlango wa choo cha wafanyakazi, ambako umma haufiki, likakaa siku zake za kisheria bila pingamizi. Jiwe likapanda kutoka barabarani mpaka ukutani. Mheshimiwa akapata hati. Mswada ukapita kwa makofi yaleyale, kutoka mikono ileile.

Mwalimu mkuu alikuja kuiona ramani mpya. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza barua zake kumi na mbili zihifadhiwe wapi sasa. Nilimwambia kwenye jalada. Akasema vizuri, akaniaga kwa adabu kabisa.

Lakini watu walitoka. Hilo siwezi kulikana. Thelathini na wanane katika mji wetu peke yake, akiwemo muuza karanga aliyenaswa karibu na shule ya udereva, na mpwa, bila shaka, ambaye hakuwahi hata kulala mahabusu zaidi ya wikiendi moja. Na shemeji yangu.

Nilikwenda kumwona Jumapili mchana. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa, mapazia yamefuliwa. Alikuwa amekaa kwenye kochi lake kama mgeni, amekonda, na vidole vya fundi vimekuwa laini kwa kukosa kazi. Binti yao wa darasa la sita alikuwa akimchungulia kutoka jikoni, hajaamua bado kama amzoee. Mdogo wangu alinipokea kwa furaha iliyonitisha. Alinimiminia chai, akaniwekea kiti kizuri, akamwambia mumewe mbele yangu: "Huyu hapa ndiye aliyekutoa. Kaka alisimama mbele ya wakubwa wote, akasema."

Nami nikavimba. Baada ya yote niliyokwisha kuyafanya, bado kilikuwemo ndani yangu kitu cha kuvimba. Shemeji alipouliza ilikuwaje, nikamweleza kinaganaga, jinsi kamati ilivyokosa la kujibu, jinsi Mheshimiwa alivyobanwa. Nikachukua kisahani na kijiko, nikamwonyesha: hapa jiwe, hapa ukuta, hapa benchi lako.

Alisikiliza kwa makini, kama mtu anayekagua soli. Kisha akagusa kijiko kilichokuwa ukuta.

"Huu ulikuwepo siku niliyokamatwa?"

"Ulikuwepo."

"Na wewe ulijua upo?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nimesaini mkubwa zaidi miezi michache tu iliyopita. Lakini mdogo wangu alikuwa amesimama na birika mkononi, ananitazama, na nikaona kwamba anaikumbuka siku aliyokuja ofisini na karatasi yake, na jinsi nilivyomweleza vizuri.

"Nilijua," nikasema. "Sikuulizwa."

Shemeji hakupandisha sauti. Alirudisha kijiko kwenye kisahani taratibu. "Basi usiseme umenitoa, shemeji," akasema. "Ulinishika miaka minne, sasa umeniachia."

Nikamtazama mdogo wangu, nikitumaini atamnyamazisha mumewe, atanitetea, atasema yamepita. Akaweka birika mezani. Akachukua kikombe changu kikiwa bado kimejaa, akakipeleka jikoni, nikasikia chai ikimwagwa kwenye sinki.