Kumi na Mmoja wa Ukutani

Ukitaka kuwajua watu wa mtaa ule, usiende na karatasi. Mwenye karatasi, hata kama amekuja kuhesabu kunguru, alipewa jibu moja tu: "Mimi napita tu." Fundi viatu, aliyeketi karibu na lango la karakana ya mabasi tangu enzi ana meno yote, alikuwa anapita tu. Muuza magazeti alikuwa anapita tu. Na mama mdogo wa Brashi, ambaye cherehani yake ya kukanyaga ilifungwa kwa mnyororo kwenye nguzo ya taa hadi mnyororo ukashika kutu, naye eti alikuwa anapita.

Hawakuwa wajinga. Sheria ya jiji ilitaka maandishi: mtu ni nani, anakaa wapi, tangu lini. Bila hayo, Idara ya Barabara haikuwa na uwezo wa kumwondoa mtu kando ya njia. Maofisa walikuja na kalamu zao, wakarudi nazo zikiwa na wino wote.

Brashi alipewa jina lingine alipozaliwa, lakini tangu aanze kuandika vibao vya maduka hakuna aliyelikumbuka. Yeye na kaka yake walilelewa na mama mdogo baada ya mama yao kufariki, na walilelewa palepale, kando ya cherehani, wakifanya hesabu za shule huku wamekalia marobota ya vitambaa. Kaka alikuwa na kichwa cha vitabu. Akasoma, akafunga tai, akaajiriwa Idara ya Barabara, kitengo cha mitaa na sanaa. Brashi akabaki na makopo ya rangi. Hakumwonea wivu hata siku moja. Alimsifu kwa kila mteja aliyekaa kumsikiliza, na kwa wengine wasiotaka kusikiliza.

Siku kaka alipokuja mtaani na michoro chini ya kwapa, Brashi alimvutia kiti.

"Mdogo wangu, nimekuletea kazi ambayo wajukuu wako watakuja kuionyesha kwa kidole."

"Mume sina. Hao wajukuu nitawatoa kwenye kopo?"

Kaka alicheka, akatandaza michoro. Idara ilikuwa inafunga mtaa ili magari yasipite. Lami itapakwa rangi, yatawekwa mabenchi na miti ndani ya mapipa, na ukuta wa karakana, mita arobaini nzima, utachorwa picha.

"Picha ya nini?"

"Ya watu wa hapa. Mama mdogo, fundi viatu, wote kumi na mmoja. Wamebeba mtaa huu miaka yote, nani amewahi kuwachora?"

Ndipo kaka akatoa fomu. Kila atakayechorwa iandikwe habari yake fupi, alisema, kwa ajili ya kumbukumbu ya sanaa. "Andika wewe. Mimi hawataniambia kitu, lakini kwako watafungua mdomo."

Angeyasema mtu baki, Brashi angenusa. Lakini nani anamnusa ndugu yake? Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, na bado asubuhi tunavaa nguo.

Akaandika. Na kwa kuwa ni mtu wa herufi, hakuandika kama karani; aliandika kwa mapenzi. Habari aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Fundi viatu. Anaketi hatua nne kutoka lango la karakana, mwaka wa thelathini na moja sasa. Hajawahi kuwa na kibali kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumwomba: viatu vya askari wote wa kituo vimepita mikononi mwake."

Mzee mwenyewe alisita kwanza. Aliitazama fomu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. "Brashi, karatasi hii haing'ati?"

"Ni ya picha tu, baba."

"Basi andika. Wewe siwezi kukuambia napita." Akatia sahihi, kama wenzake wote.

Wiki tano Brashi alishinda juu ya jukwaa la mabomba, jua likimchoma kisogo. Mtaa mzima ukageuka mwalimu wa sanaa. Muuza magazeti alitaka azibwe pengo la jino. Mama wa vocha alitaka apunguzwe kiuno, na alipokataliwa akanuna siku mbili, ya tatu akaja na ombi kwamba basi angalau apunguzwe mashavu. Fundi viatu alikuja kila jioni kabla ya kufunga kazi, akasimama mbele ya mikono yake iliyochorwa, akailinganisha na ile ya kweli, akaondoka bila neno. Kwa mzee yule hiyo ilikuwa sifa kubwa. Brashi alikuwa na furaha. Tuseme ukweli, hakuwahi kuwa na furaha kama ile maishani mwake.

Uzinduzi ulipangwa Ijumaa. Jumatatu asubuhi, akiwa juu anamalizia pindo la gauni la mama mdogo, lori la jiji likaingia. Wakashuka askari sita wa jiji na ofisa mmoja mwenye faili. Ofisa hakuuliza swali hata moja. Alitembea moja kwa moja mpaka langoni, akahesabu hatua nne, akafungua faili na kusoma kwa sauti:

"Fundi viatu. Hatua nne kutoka lango la karakana. Mwaka wa thelathini na moja sasa. Hajawahi kuwa na kibali."

Akaishia hapo. Viatu vya askari aliviacha.

Brashi aliyasikia akiwa juu ya jukwaa. Sentensi ilikuwa yake. Ofisa akaenda kwa muuza magazeti, akasoma. Kwa mama wa vocha, akasoma. Kila alipofika, maneno ya Brashi yalikuwa yamemtangulia. Hakuna aliyejaribu kusema anapita tu. Kila mmoja alionyeshwa mahali alipotia sahihi, akapewa mpaka saa sita mchana awe ameondoa vitu vyake.

Hawakupiga kelele. Kelele zingekuwa nafuu. Mmoja mmoja, wakifunga mizigo, waliinua macho na kumtazama pale juu, brashi ikiwa mkononi inadondosha rangi. Walikuwa kumi. Mama mdogo hakuwapo. Tangu jana alisema magoti yanamsumbua, na cherehani alishaiondoa ipumzike nyumbani. Afadhali, Brashi alijiambia. Angalau yeye hakuyaona haya.

Hakubadili hata nguo. Alifika ofisini kwa kaka na rangi hadi kwenye nyusi.

"Uliniambia ni kumbukumbu ya sanaa."

Kaka aliinuka akafunga mlango ili wenzake wasisikie. "Ni kumbukumbu. Tena umeiandika vizuri sana."

"Kaka!"

"Nisikilize. Wakubwa walitaka mtaa mtupu, bila mtu kando ya njia, kufikia Ijumaa. Miaka minane maofisa wanarudi mikono mitupu. Nikaulizwa mimi, wewe si umetoka pale? Ningejibu nini?"

"Ungejibu hapana."

"Hapana hailipi pango, mdogo wangu. Na watu wako hawajapotea. Wako ukutani, wakubwa kuliko walivyokuwa. Watakumbukwa."

"Wanakumbukwaje na wako hai? Anayekumbukwa si marehemu?" Sauti ilimpanda, akaiacha ipande. "Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulijua hawatamwambia mtu mwingine. Ulinituma mimi kwa sababu wananipenda!"

Kaka hakukana. Hilo ndilo lililomuuma: hata uongo mdogo wa heshima hakumpa.

"Na mama mdogo je? Kila sare uliyovaa aliishona yeye. Naye unamtupa?"

Hapo kaka aliinamisha macho mezani, akaanza kupanga kalamu zilizokuwa zimepangwa. "Kamuulize mwenyewe," alisema.

Njia nzima Brashi alitunga maneno ya kumwomba mama mdogo msamaha. Aliyakuta hayana kazi. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti sakafuni, magoti yaleyale mabovu, akiipaka mafuta cherehani. Gurudumu lilishapigwa rangi mpya nyeusi. Mezani palikuwa na karatasi yenye mhuri wa Idara: kibanda namba mbili, mtaa wa watembea kwa miguu.

"Kutakuwa na vibanda vitatu," mama mdogo alisema bila kugeuka. "Viwili vya watu wao. Kimoja kaka yako alinipigania."

"Tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili! Niko juu ya jukwaa nakuchora, unakuja unaniambia pindo halijakaa sawa, na unajua?"

"Alisema nikikuambia utaacha kazi, na ukiacha, kibanda kimekwenda." Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole. "Nimekaa juani miaka ishirini na sita, mvua inaninyea mimi, vitambaa vya watu navifunika. Sikuiba. Nilipewa, nikapokea. Kosa langu ni lipi?"

Brashi alikaa chini. Lile la kaka lilikuwa kofi. Hili lilimkata miguu. Kaka alikuwa na tai na wakubwa wake. Huyu ndiye aliyemfundisha kwamba ukikosa cha kumpa mwenzio, mpe ukweli.

"Njoo kesho uwaambie sikujua," alisema. "Hilo tu. Wanadhani niliwauza."

"Siwezi."

"Mama mdogo."

"Wewe una mkono wa rangi, utachora mtaa mwingine. Mimi nitakaa palepale, na wao watapita mbele yangu kila siku. Wakijua, nani ataniletea hata kifungo?" Sasa ndipo alipogeuka, na macho yalikuwa ya mtu mwenye hofu, si ya mtu mwenye haya. "Usinitaje, mwanangu. Nakuomba."

Asubuhi yake Brashi alikwenda kufungua jukwaa. Mtaa ulikuwa umefagiwa mpaka ukatisha. Alikuwa anafungua nati za chini alipomwona fundi viatu anakuja, mfuko wa zana begani, na wengine tisa nyuma yake. Walisimama mbali kidogo. Mzee alisogea.

"Sina maneno mengi," alisema. "Lori lilipokuja tulikuwa kumi. Mmoja hakuwapo, na mashine yake alikuwa ameshaiondoa. Nimelala nikilifikiria hilo. Brashi, mama yako mdogo alijua?"

Neno lilikuwa limekaa tayari ulimini, na lilikuwa la kweli. Lingemtoa kwenye aibu yote kwa pumzi moja. Aliwatazama wale tisa wakisubiri, na akaona wazi kwamba walitaka aliseme, kwamba walikuwa wamekuja kumpa nafasi.

"Hakujua," Brashi alisema. "Magoti yalimshika kweli. Aliyejua ni mimi."

Mzee alimtazama, akitafuta usoni mwake mahali pa kutoamini. Kisha akashusha mfuko, akapekua chini ya nyundo na nta, akatoa viatu vya Brashi alivyokuwa ameachiwa wiki iliyopita avitie soli. Kimoja kilikuwa kimekamilika. Cha pili kilikuwa kimebanduliwa soli ya zamani, hakijashonwa kitu.

Aliviweka chini, sawasawa, ncha zikielekea kwa Brashi.

"Hicho kingine," alisema, "utatafuta fundi."

Kisha akarudi kwa wenzake, na wote kumi wakaondoka kupitia upande wa pili, ili wasipite mbele ya ukuta.