Kurasa Nne za Fundi Charif

Mutsamudu nzima hapakuwa na mwanamke ajuaye kutunza siri kama Batoul, na Mutsamudu nzima ililijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe alipita mlango kwa mlango kuitangaza sifa hiyo. Siri aliyoitunza kweli ilikuwa moja tu, nayo ilimwasha ulimi kila siku.

Mumewe, Fundi Charif, alikuwa khatibu na mwalimu wa chuo, na mwalimu kwao huitwa fundi. Ijumaa alipanda mimbari akawatisha watu wazima kwa moto wa Jahannamu. Siku nyingine alijaza madaftari, kwa herufi za Kiarabu na lugha ya nyumbani, visa vya Anli na dada yake Hayati, watoto wawili waliosaka wezi, majini ya uongo na maharamia wa kweli. Daftari moja lilizunguka chuo kizima cha Kurani mpaka likawa laini kama kitambaa. Kwa kuwa watoto walikuwa na tabia mbaya ya kufungua mwisho kwanza wamjue mwizi, Fundi alizichana kurasa za mwisho za kila daftari jipya akampa mkewe azitie ndani ya godoro, zisomwe siku aliyotaka yeye. Nani mwizi, alijua Batoul peke yake. Ulalaji ule ulikuwa mtamu.

Zile siku Rais Ali Soilih alipowakabidhi vijana wa shule nchi waiendeshe, kamati ya mtaa ilishikwa na Kamardine, miaka kumi na minane, ambaye alifu yake ya kwanza alifundishwa na Fundi huyu huyu. Asubuhi moja alikuja na wenzake sita, akauliza kama hii ndiyo nyumba ya Charif.

"Charif hana nyumba," Batoul akamjibu. "Hii yangu. Nilijengewa na baba yangu kabla huyo hajajua kufunga kilemba. Chake humu ni sanduku moja na kikohozi."

Vijana wale walikuja kung'oa mila zote, lakini hii walizaliwa nayo, hata hawakujua kama ni mila: nyumba ni ya mke, na vya mke havishikwi. Wakabeba sanduku, lenye madaftari kumi na moja. Godoro wakaliacha.

Kisha wakamtaka Fundi asimame uwanjani atamke kwamba vitabu vyake ni uongo na upuuzi. Akasimama. Akasema uongo ni uongo kweli, watoto amewaambia hivyo tangu ukurasa wa kwanza. Upuuzi, hapana, na akifika nyumbani anaanza daftari la kumi na mbili. Watu wakacheka. Hakufika nyumbani. Kwa kicheko kile alipandishwa boti hadi Moroni, kisiwa kingine, akavunje mawe ya barabara upande wa Vouvouni mpaka atakapokana.

Mwezi ukapita, hakukana. Batoul akatoa kurasa nne godoroni, akazishonea ndani ya pindo la shiromani yake, ile nguo ya kujitanda, akavuka. Alishuka bandari ya Moroni akiwa ametapika njia nzima, jambo ambalo hakuwahi kulitangaza. Kamardine naye alikuwa amehamishiwa huko kwa cheo. Alikuwa na meza, muhuri, na ndevu saba.

Batoul alidai vitu viwili, mume na madaftari. Akaambiwa mume atarudi siku atakayokana.

"Madaftari niliyachoma kwa mkono wangu, bweni," Kamardine akasema, akimwita kwa neno la heshima la wanawake wa kwao. "Hata moja sikulifungua. Mapinduzi hayana muda wa hadithi za watoto."

Batoul akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika. Akavuta pindo, akaanza kulifumua kwa meno, uzi baada ya uzi, bila haraka. Akaweka kurasa nne mezani, maandishi chini.

"Basi una kiporo. Huu ndio mwisho wa lile la kumi na moja. Lete kiberiti, mwanangu, tukimalize."

Mkono wa Kamardine ukatua juu ya karatasi, na haukuwa na kiberiti. Mkono wa Batoul ukatua juu ya ule, mzito, wenye miaka arobaini ya kukanda unga.

"Mume wangu kwanza," akasema. "Na hakani kitu."

Kamardine akatazama mlango. Akatazama muhuri wake. Sauti ilipomtoka ilikuwa ile ya chuoni, ya miaka tisa.

"Niambie hilo tu, bweni. Hayati anatoka kwenye kisima cha ngome, au maji yanamfika?"

"Kisima?" Batoul akauliza. "Kisima kipi hicho, mwanangu, nawe hata daftari moja hukulifungua?"