Rimu ya Mama Mkwe

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, na hakuna alichokichukia duniani kama kitu bandia.

Alikuwa fundi stadi. Nyuma ya kliniki ya meno, katikati ya unga wa plasta na taya zilizopangwa rafuni kama vitabu, alichonga magego ambayo hata ulimi wa mwenyewe ulidanganyika. Lakini saa za kazi zikiisha, akishavua koti jeupe na kuingia kwenye gari lake, humwambii kitu. Lilikuwa gari la Kijapani la zamani, la gia za mkono, na alikuwa amekibadilisha kila kinachobadilishika. Springi alizikata, gari likalala chini kama paka anayevizia panya. Bomba la moshi lilikuwa pana kama chungu. Likiwashwa asubuhi mtaa mzima ulijua kwamba fundi meno anakwenda kazini, na wenye watoto wachanga walimwombea safari njema isiyo na kurudi. Turbo yenyewe hakuwa nayo, alikuwa na stika tu iliyoandikwa hivyo. Wenzake wakamwita Turbo, naye akaitika.

Hao wenzake walikuwa na chama, Chini kwa Chini, cha wapenzi wa magari yaliyoshushwa. Kila Jumamosi walikutana nje ya duka la vipuri la mwenyekiti wao, wakafungua maboneti, wakainama wote kama madaktari juu ya mgonjwa aliyekwisha kupona.

Mkewe Turbo alikuwa mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenye subira ya kufundisha sehemu na desimali. Kutoka nyumbani hadi shuleni kwake kulikuwa na matuta saba, na kila tuta ilibidi ashuke ili gari liinuke kidogo lipite, kisha apande tena. Siku moja aliposhuka kwenye tuta la tatu hakupanda tena. Alitembea zake, akafika shuleni kabla ya gari.

Mama mzazi wa mkewe ndiye aliyekuwa shida. Alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kusubu sufuria, kwa kuyeyusha alumini na kuimimina mchangani, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe na ambayo yeye aliifanya vizuri zaidi, ingawa hakuwahi kulisema hilo. Alipoliona gari la mkwewe mara ya kwanza alilizunguka, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hili mtu analiingia au analivaa?" Turbo hakulisahau swali hilo. Tangu siku hiyo alimwamkia mama mkwe wake kwa heshima zote, akiwa mbali.

Fahari ya gari ilikuwa rimu nne za rangi ya shaba, kila moja ina mikono kumi myembamba kama vidole. Mwenyekiti ndiye aliyewauzia karibu chama kizima. Alisema zimesanifiwa na mzee mmoja huko Japani ambaye akichora rimu hasemi na mtu wiki nzima.

"Igusa," alikuwa akisema, amefumba macho. "Unasikia? Ina roho."

Turbo aliigusa, akasikia. Kila Ijumaa alizisugua kwa mswaki laini na dawa ya meno, mkono mmoja mmoja, huku mkewe akisahihisha madaftari dirishani na kutikisa kichwa.

Basi, siku tatu kabla ya maonyesho makubwa ya chama, siku ambayo Rimu ya Mwaka ingechaguliwa mbele ya watu, Turbo alikuwa anatoka kliniki kwa mwendo wa kawaida kabisa. Mbele yake kulikuwa na shimo, wala si kubwa. Gari liliingia, likasema *ka!* na usukani ukavutika kushoto. Aliposhuka alikuta rimu ya mbele imepasuka toka ukingoni hadi katikati, mikono miwili imelala barabarani.

Alifunga tairi la akiba, akaipeleka rimu mbio dukani kwa Mwenyekiti.

"Nyingine itachukua miezi minne," Mwenyekiti alisema.

"Maonyesho ni Jumamosi!"

"Ndugu yangu, roho haiagizwi kwa haraka."

Nyumbani Turbo hakula. Mkewe aliichukua ile rimu, akaigeuzageuza, akasema, "Mpelekee mama."

"Mama? Hii si sufuria!"

"Ni alumini na ni ya duara. Kama una mtu mwingine, mtaje."

Hakuwa na mtu mwingine. Alhamisi asubuhi aliomba ruhusa kazini, akazifunga rimu mbili kwenye gunia, moja nzima na moja mbovu, akaenda kama mtu anayekwenda kuposa mara ya pili.

Karakana ya mama mkwe ilikuwa banda la mabati lenye tanuru la mkaa, rundo la pistoni chakavu na mipini ya sufuria, na mchanga mweusi uliochekechwa ukawa laini kama unga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Wazima huko?"

"Wazima, Mama. Ila gari ni mgonjwa."

Hakucheka, na Turbo akamshukuru moyoni. Aliikalisha ile rimu mbovu mapajani, akapitisha kidole pale ilipokatikia. "Ndani ina matundu kama mkate," alisema. "Nani kakuuzia?"

"Imetoka Japani, Mama."

Mama mkwe akasema tu, "Haya."

Aliilaza rimu nzima kwenye boksi la mchanga, akashindilia kwa ngumi na rungu fupi, akageuza, akashindilia tena. Alipoitoa, umbo lilibaki mchangani. Akavuta kijiko chembamba akaanza kuukwangua mchanga, kila mkono wa rimu akiupanua pale unapoungana na kitovu.

"Mama, samahani, unaiharibu. Ilivyochorwa, hapo ni pembamba."

"Mpini wa sufuria ukiwa mwembamba kwenye shina, unakatika na maji ya moto yanakumwagikia miguuni. Aliyechora hii hajawahi kuungua."

Turbo alitaka kubisha. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuona. Ule mpindo mpya, mnene shinani na kwenda ukikonda, ulikuwa mzuri kuliko wa mwanzo. Bila kuambiwa alitoa mfukoni visu vyake vya kuchongea nta akapiga magoti upande wa pili wa boksi. Mama mkwe alimwangalia anavyolainisha kona bila kuangusha hata punje, akamsogezea ndoo ya kukalia. Kwa saa mbili hawakuongea, na hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo. Mchana walimimina alumini iliyoyeyushwa. Jioni rimu ilitolewa mchangani, bado ya moto, ya kijivu. Turbo alisimama akiitazama, akasahau hata kusema ahsante.

"Nisikilize," mama mkwe alisema. "Hii ni ya kusimamia, si ya kwendea. Mimi sina mashine ya kuipima. Gari liegeshe, watu watazame, uitoe. Usiitembelee hata hatua moja. Umenisikia, baba?"

"Nimesikia, Mama."

Ijumaa fundi kereza wa jirani aliitoboa matundu ya nati, Turbo akaipaka rangi ya shaba. Jumamosi aliendesha hadi uwanjani kwa tairi la akiba, akapiga jeki pembeni, akaifunga. Hakuna aliyemwona isipokuwa mkewe na mama mkwe wake, waliokuwa nyuma ya kamba pamoja na watazamaji.

Magari yalikuwa arobaini, yamepangwa mistari miwili, mengine yameshushwa hadi hayawezi kuvuka tikiti maji. Mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeuza rimu, ndiye pia alikuwa jaji, maana chama kilitaka mtu asiyependelea. Alipita na maiki mkononi, akitaja kila rimu kwa sifa alizokuwa ameshazisema dukani. Alipofika kwa Turbo, upande wa mbele kushoto, akasimama. Akachuchumaa. Akafumba macho.

"Ndugu zangu," alisema polepole, "nimeshika rimu nyingi, lakini hii... tazameni shina la mkono. Tazameni linavyokonda. Mkono wa mzee mwenyewe huu! Kitu kama hiki hapa kwetu hakiwezi kutengenezwa, hata tukikesha miaka mia."

Watu wakapiga makofi. Mama mkwe, nyuma ya kamba, alijifuta pua.

"Rimu ya Mwaka!" Mwenyekiti alitangaza. "Na mshindi sasa atazunguka uwanja mara tatu, kwa kasi, mimi nikiwa mbele!"

Kabla Turbo hajafungua mdomo, Mwenyekiti alishaketi na maiki yake, na mhazini na katibu, wote wawili watu wa miili, walikuwa wamejipakia nyuma na kombe. Gari lilishuka mpaka likagusa majani.

Turbo alikaa kwenye usukani. Aliwasha, bomba likanguruma, watu wakashangilia. Miaka yote alikuwa akiisubiri kelele hiyo. Akamtafuta mama mkwe wake kwa macho. Hakuwa amekunja uso wala hakutikisa kichwa. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayetazama mtoto juu ya paa.

Turbo alizima gari.

"Vipi?" Mwenyekiti aliuliza, maiki ikiwa bado imewashwa.

"Siendi. Itavunjika."

"Rimu ya mzee haivunjiki!"

"Ya mzee imeshavunjika Jumatano, kwenye shimo la kina cha kiganja. Hii imesubiwa juzi na mama mkwe wangu. Anatengeneza sufuria."

Maneno yalitoka kwenye spika zote sita, yakagonga ukuta wa uwanja, yakarudi: *sufuria... furia...* Kisha mtu mmoja akacheka, na baada yake uwanja mzima. Turbo alihisi masikio yanaungua, lakini hakuyainamisha macho.

Mwenyekiti alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi, hakosi njia. "Hata Japani," alisema, "kuna mama wakwe." Alipoona hilo halijasaidia, akageuza. "Na mimi niliona toka mwanzo kwamba ni kazi ya kienyeji. Nilikuwa nawapima nyinyi. Kombe lirudishwe!"

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameinama akapita chini ya kamba. Hakumjali Mwenyekiti. Alimwomba binti yake chaki, maana mkoba wa mwalimu haukosi chaki, akamwomba mtu mmoja mafuta ya taa. Akaenda kwenye rimu nyingine ya Turbo, ile iliyomtumikia kama kielelezo. Akaipaka mafuta kwa kitambaa, akasubiri, akaifuta kavu, kisha akasaga chaki na kuipaka juu. Rimu ikawa nyeupe. Polepole, kwenye shina la mkono mmoja, mstari mweusi ukajichora, mwembamba kama unywele.

"Mafuta yameingia kwenye ufa, sasa yanatoka," alieleza, bila maiki. "Hii nayo ilikuwa njiani kuvunjika."

Hakuna aliyecheka tena. Mwenye gari la pili alisema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba na mimi." Akafuata wa tatu. Mwalimu wa hesabu akawapanga foleni, akawagawia chaki, na watu wazima waliokuwa wakijiita Mwewe, Radi na Kimbunga wakachuchumaa wakipaka na kusubiri kama wanafunzi. Magari kumi na tisa yalikutwa na nyufa. La Mwenyekiti lilikuwa na nyufa kwenye rimu zote nne. Aliiweka maiki majanini, akafuatisha ufa mmoja mmoja kwa kidole. Inaelekea yeye mwenyewe alikuwa akimwamini yule mzee.

Waliporudi mjini, wale wenye nyufa waliongozana kwa mwendo wa maziko. Muuza maji mwenye mkokoteni aliwapita, akawapungia mkono.

Wiki iliyofuata nusu ya chama ilijaa bandani kwa mama mkwe, kila mtu anataka rimu "kama ile." Aliwakatalia wote. "Watoto wenu watakaa juu ya kitu nisichokipima? Hapana. Nunueni za chuma, za kawaida, zilizopimwa." Waliondoka wamenuna, na wengi wao, nasikia, walizinunua, wakazipaka rangi ya shaba. Mwenyekiti sasa anauza chaki maalumu ya kukagulia rimu, kutoka Japani.

Ile rimu yenyewe Turbo aliomba aitundike ukutani. Mama mkwe akasema chombo kisichofanya kazi kinakula nafasi, akaitupia tanuruni mbele ya macho yake. Turbo aligeuka akatazama pembeni, akijisingizia moshi. Lakini Jumamosi iliyofuata hakwenda kwenye maboneti. Alikwenda bandani na visu vyake. Kulikuwa na oda ya puli, gurudumu la kuzungusha mkanda wa mashine ya kusaga nafaka, na mama mkwe akamwachia achonge kielelezo peke yake. Alikichonga siku nzima.

Mwenye mashine alipokuja kuichukua aliigeuza huku na huku. Mikono ya puli ilikuwa imepinda kidogo, minene shinani, ikienda ikikonda.

"Mama," aliuliza kwa wasiwasi, "mbona puli yangu inatabasamu?"

"Mwache mkwe wangu," mama mkwe alijibu, akimfungia puli kwenye gazeti. "Itazunguka. Ukiifunga mkanda hutaona hata meno yake."

Turbo aliibeba mwenyewe hadi kwenye mashine, nyumba ya tatu kutoka pale, akashika tochi wakati inafungwa. Mkanda ulivutwa, mota ikaguna, unga ukaanza kushuka. Alisimama pale hadi akawa mweupe kichwani, na mwenye mashine akamwambia kwa adabu kwamba kama hana nafaka ya kusaga, apishe wenye nayo.